Mafundo kwenye Blanketi la Mama

Goma, tarehe 20 Julai 2003

Kwa kaka yangu mkubwa, Yaya wangu mpendwa Rachid,

Asalaam aleikum. Kabla sijakuuliza habari za afya, acha nikiri kwamba kwa zaidi ya mwaka nimemficha Mama jambo moja, na sijamwambia mtu yeyote, hata Nasiba ninayekaa naye dawati moja. Nitalifikia. Kikohozi chako kimekwisha? Na kazi ya gereji hapo Kampala unaionaje? Sisi tuko wazima, isipokuwa macho ya Mama. Tangu majivu ya volkano anaona kila kitu kama kupitia moshi.

Yaya, lile blanketi limenichosha. Unalikumbuka, lile la vipande vya vitenge, lenye sura ya mkubwa wa nchi katikati, shanga tupu. Kwanza ilikuwa ya muzee wa kofia ya chui. Ulipoondoka ilikuwa ya yule mnene aliyemfukuza. Waasi walipoingia, Mama alifumua mashavu, akashona miwani, akalitundika sebuleni ili askari wakija kukagua wakute tunampenda wanayempenda. Waasi nao wakabadilisha rais wao, miwani ikafumuliwa. Ndiyo maana Mama alinifundisha kufunga fundo kwa kila ushanga wa maua ya pembeni, lakini sura niishone kwa uzi usio na fundo, ili ukivutwa mara moja ianguke yote. Alisema hana muda wa kuhangaika na sindano kila wanapopigana.

Siku moto wa volkano ya Nyiragongo uliposhuka mjini, niliomba tubebe kasha la picha na kamusi yangu. Mama akabeba blanketi. Nilitembea nyuma yake mpaka Gisenyi, nchi jirani, rais akinitazama kutoka mgongoni mwake, nami nikimtazama kwa hasira ambayo sikujua kama ninayo. Tuliporudi, nyumba ilikuwa imekuwa jiwe. Picha zote za baba yetu, Papa, zilikuwa ndani. Unajua kwamba tangu mwaka ule lori lake likutwe barabarani Kibati, maharagwe aliyopakia Kiwanja yote yamo na yeye hayumo, tulibaki na picha tu.

Halafu akaja Papa Bulonza, mkubwa wa avenue yetu, mtaa wetu huu, ambaye ndiye aliyeandika majina ya watu wa kupewa mabati ya kuezekea upya. Alisema ofisi yake haina pambo, na kwamba blanketi lenye sura ya rais, ikishonwa upya vizuri, litamsaidia kukumbuka jina letu. Mama hakuweza tena kuona tundu la sindano. Kazi ikawa yangu. Nilishona siku kumi na tisa, baada ya shule. Lilipotundikwa, Papa Bulonza alipiga makofi, akasema ni rais mwenyewe kabisa, kama anataka kuongea. Mama Ernestine, jirani yetu, alisema huyo rais amekonda, labda waasi hawamulishi. Watu wakacheka. Tukapata mabati.

Sasa mwezi huu wamepatana huko Kinshasa, serikali ni ya wote, na Papa Bulonza akatuita mbio. Wageni wanakuja, sura ibadilishwe haraka, na mabati yetu, alisema, tulipewa kwa sababu ya heshima. Mama akamwambia ni kuvuta uzi mmoja tu; akaushika mwenyewe, akavuta. Haukuja. Akavuta tena mpaka kidole kikamuuma, akauliza ni mjinga gani aliyeshona hivi. Wote wakanigeukia. Mama akasogea, akaanza kuipapasa ile sura kwa vidole, polepole, kidevu, mdomo, pua. Alipofika juu ya jicho la kushoto, mkono ukasimama.

Yaya, nilimshona Papa wetu. Na ule mkato wa kwenye nyusi, alioupata siku jeki ilipomponyoka chini ya lori, nimeutia kwa shanga nyeupe. Niliona tutabaki hatuna uso wake popote, na wewe uko mbali, na mimi nilikuwa naanza kusahau. Kila ushanga nimeufunga fundo. Kwa mwaka mzima watu wamemsalimu katika ile ofisi, nami nimeogopa tunyang'anywe paa kwa sababu yangu.

Mama hakulia. Alimwambia Papa Bulonza, kwa sauti ndogo:

“Huyu hafumuliwi, muzee. Ukimuvuta, utapasua blanketi yote.”

Papa Bulonza aliuliza sasa atundike nini mbele ya wageni. Mama akasema mutoto ataona la kufanya.

Dereva Swedi, atakayekuletea barua hii, ananisubiri, anakuja huko na mzigo. Mama anakusalimu sana, anasema ule vizuri. Mama Ernestine naye anakusalimu, anauliza kama umeoa. Mwenyezi Mungu akulinde barabarani na kazini.

Nilichofanya ni hiki. Nilikata kipande cha kitenge, nikashona sura ya huyu mpya, rais wa Kinshasa, kwa siku nne, bila fundo hata moja, nikampelekea Papa Bulonza. Kisha nikapanda juu ya kiti chake, nikalishusha blanketi, nikalibeba mgongoni mpaka nyumbani. Liko juu ya kitanda cha Mama, upande ambao mkono wake unafika.

Ni mimi mdogo wako,
Shakila