Lehemu ya Urbano

Jumatatu, 2 Juni 2025
Majibu ya vipimo vya damu ya mume wangu yametoka. Lehemu mbaya, yale mafuta ya kwenye damu, iko juu mno. Ile nzuri, inayosafisha mishipa, iko chini. Daktari, kijana mwenye adabu, akamwamkia shikamoo, akaeleza taratibu: mzee, mafuta yanaganda ndani, siku moja damu itakosa njia. Kidonge kimoja kila jioni, bila kuruka.
Urbano akacheka. Eti mwembamba kama yeye apate ugonjwa wa wanene! Miaka sabini na moja, hajawahi kulazwa.

Alhamisi, 12 Juni
Nimeacha kukaanga. Mlenda, maharage, ugali wa mtama. Urbano ananuna.
Leo wifi Klara kaja na supu ya kongoro, mafuta yanaelea. Akasema kwa sauti, majirani wasikie, kwamba namuua kaka yake kwa njaa. Urbano akanywa yote. Hakunitetea hata kwa neno moja. Miaka arobaini na miwili ya ndoa!

Jumapili, 29 Juni
Kidonge nampa mwenyewe mkononi, na maji. Anameza. Angalau hilo.

Jumatano, 16 Julai
Kaanguka shambani, tunapiga alizeti. Mdomo umekwenda upande. Mkono wa kulia hauinuki. Kiharusi. Mungu wangu.

Ijumaa, 18 Julai
Daktari kauliza, dawa alikuwa anameza kweli? Nikaapa.
Nimerudi nyumbani kuchukua shuka. Koti lake la shamba lilikuwa msumarini — mfukoni vidonge. Vimelowa mate vikakauka, vikagandana. Arobaini na kimoja! Alikuwa anageuka tu, anatema. Na mimi nimesimama pale na kikombe, kama mjinga.
Nililia kwa hasira, si kwa huruma. Naandika hivyo kwa sababu ndiyo kweli.

Jumapili, 27 Julai
Tumemrudisha nyumbani jana. Leo ukoo wake umejaa uani. Klara kawaambia ni vidonge vyangu vilivyomlemaza. Kaka yao mkubwa, Mughwai, kaniambia nitoke nieleze: shemeji, ulikuwa unamnywesha nini?
Nimeingia chumbani kuvichukua. Nimevifunga kwenye leso. Nikivionyesha, wote watajua alivyonidanganya. Nikinyamaza, mimi ndiye mchawi.
Urbano kaiona leso. Kaelewa. Kanishika kitenge kwa mkono wa kushoto, mate yanamtoka.
— Usi…
Usiseme? Usiniache? Hawezi kumaliza.
Mughwai anaita tena. Nimejibu nakuja. Urbano hajaniachia.