Dirisha la Kushoto kwa Bibi

Dodoma, 3 Juni 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta u mzima hapo Igoma, na presha imetulia. Mimi sijambo, mitihani ndiyo haina huruma.

Tiketi za ndege za kwenda Dar nimezikata. Bibi atakaa 3A, nawe 3B. Usidhani nimebahatisha. Bibi alizaliwa Ukerewe, akaolewa Mwanza, akachota maji ya ziwa lile tangu utoto wake, na hajaliona ila kutoka ukingoni au mtumbwini. Je, ni haki wageni walione lote kutoka juu, na aliyelichota kwa ndoo asafiri akitazama kisogo cha abiria? Nakataa. Jicho lake la kulia limezibwa na mtoto wa jicho, la kushoto linafifia. Basi dirisha liwe kushoto. Safu ya tatu iko mbele ya bawa, hakuna kitakachomziba. Safari ni ya alasiri, jua halitampiga usoni. Daktari hajaahidi kwamba upasuaji utafaulu. Alione ziwa kwanza.

Binti yako,
Odeta


Igoma, 6 Juni 2025

Mwanangu Odeta,

Marahaba. Presha ilikuwa imetulia mpaka nilipofungua barua yako.

Ya bawa na jua nimeyakubali. Lakini umesoma hadi umesahau mimi ni nani kwa bibi yako? Tangu nimwoe marehemu mama yako, sijawahi kuketi mkeka mmoja na mama mkwe. Yeye akipita mbele, mimi hupitia nyuma ya nyumba. Leo umetuweka bega kwa bega, tumefungwa mikanda, na angani hakuna uani pa kukimbilia.

Jirani yetu Sabina alipompelekea habari, bibi yako alicheka, kisha akasema atapanda basi. Hataki kuniaibisha. Nami siwezi kumwacha aende peke yake na macho yale. Basi chagua: mkwe au dirisha.

Baba yako


Dodoma, 8 Juni 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hasira zimepoa huko, maana huku zilichelewa kupoa.

Kwenye mdahalo ningesimama niseme: heshima inayomnyima mtu ziwa lake, ni heshima ya nani? Kisha nikakumbuka kwamba Mama alipofariki, wewe ndiye uliyemjengea Bibi chumba, tofali kwa tofali, bila kumtazama usoni. Heshima hiyo ndiyo iliyonilea. Siwezi kuishtaki.

Kwa hiyo sichagui. Bibi abaki 3A, nawe nimekuhamishia 4A, nyuma yake. Madirisha yenu yanatazama upande mmoja, nanyi hamtazamani. Sabina amwambie Bibi kwamba basi halipiti juu ya ziwa.

Binti yako,
Odeta


Dar es Salaam, 17 Juni 2025

Mwanangu Odeta,

Marahaba. Tumefika salama, na joto la huku limetupokea kabla ya wenyeji.

Kiti cha 3B alikaa Iqbal, mfanyabiashara wa Nyakato. Ndege ilipogeuka juu ya ziwa, bibi yako akamwambia, "Mwanangu, muulize huyo wa nyuma, ule weusi pale ni Ukerewe?"

Nikasema, "Iqbal, mwambie ndiyo. Na vile vyeupe ni mitumbwi."

Iqbal akamgeukia bibi, akanigeukia nyuma, hadi shingo ikamchoka. "Mzee, bibi anakusikia. Yuko hapa hapa."

Bibi yako akamjibu, "Namsikia vizuri. Wewe fikisha tu."

Akafikisha. Sijawahi kuzungumza na mama mkwe maneno mengi kiasi kile. Mwishowe aliegemeza paji la uso kwenye kioo, akasema, "Mwambie kumbe kisiwa chenyewe ni kidogo hivyo, na jinsi tulivyogombania mashamba."

Kesho anafanyiwa upasuaji. Jioni hii amemtuma muuguzi kwangu na agizo la kukupa wewe: viti vya kurudi uvikate mapema, yeye mbele, mkwe nyuma. Nikauliza, dirisha la upande gani? Muuguzi akaenda, akarudi akicheka.

Amesema safari hiyo, upande wowote.

Baba yako