Maungio Yaliyokuwa Chini ya Udongo

Shemeji Veronika,

Shikamoo. Najua mimi na wewe hatukuwa watu wa shikamoo. Ulinizidi miaka miwili tu, na siku ya kwanza ulipoletwa Biharamulo kuolewa na kaka yangu Tito, ulinitania kwamba nina miguu ya korongo. Leo nakuamkia kwa heshima kwa sababu sijui pa kuanzia. Barua hii sikuifunga. Nimemwomba katekista aisome Jumapili mbele ya watu wote, maana na wewe ulifukuzwa mbele ya watu wote.

Unaukumbuka ule mwaka wa vita, petroli ilipoanza kutolewa kwa kipimo, lori la Mzee Salimu likakaa nyuma ya duka lake mpaka kuku wakataga ndani. Mafuta ya taa yalikuwa yakipatikana kidogo. Tito akasema injini itayakubali, mradi tusiipelekee yakiwa majimaji, tuipelekee mvuke wake. Mimi nilicheka. Wewe hukucheka, ulimwuliza, "Utayachemshia wapi, na gari linakwenda?" Akakuonyesha bomba la moshi, lile linalotoa joto la injini na kulitupa bure. Alitaka kulizungushia bomba dogo la shaba, mafuta yapite humo, yapate moto, yafike kwenye injini yakiwa yamegeuka mvuke.

Kazi ile ilitutesa. Tulipozungusha mara tatu, mafuta yalifika yakiwa bado matone, na injini ikakohoa moshi hadi wateja wakatoka mbio dukani. Tulipozungusha mara kumi na mbili, yaliungua humo humo na bomba likaziba kwa masizi. Tito alikuwa akichora kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko lako, anafuta, anachora tena, na wewe unamfokea kwamba ukuta si daftari. Halafu siku moja, ukipakua maharage, ulisema, "Mnayapitisha mbio mno. Kitu kikipita mbio motoni hakiivi." Tito aliacha kula. Kesho yake akatafuta bomba pana kidogo, mafuta yatambae badala ya kukimbia, akalizungusha mara saba.

Na ni wewe uliyesema lifunikwe. Ulisema jiko likiwa penye upepo hukingwa, na gari linajitengenezea upepo lenyewe. Ulichimba udongo wa kichuguu, ukauchanganya na majivu, ukalikandika bomba kwa mikono yako. Siku hiyo injini ilikunywa mafuta ya taa tangu asubuhi hadi alasiri bila kukohoa. Tito alikushika mikono ikiwa na udongo vile vile, watu wakitazama, jambo ambalo wanaume wa kwetu hawalifanyi. Uliona haya, ukamwambia, "Niache, Tito, nina kazi." Hakuna siku ninayoipenda kama ile, wala ninayoogopa kuikumbuka kama ile.

Lile lilikuwa bomba la kujaribia. La safari ya kupeleka ngozi ziwani Tito alilipinda upya, akaniachia mimi kuliunga. Aliniambia zaidi ya mara moja kwamba maungio yawe ya shaba nyeupe, kwenye moto wa mivukuto, kwa sababu mahali pale joto linayeyusha lehemu ya risasi. Kisha akaenda Bisibo kuazima tairi. Shaba nyeupe ilikuwa imetuishia. Ulipolisikia hilo ulivua bangili zako mbili za shaba nyeupe ulizotoka nazo kwenu Murusagamba, ukanipa. "Yeyusha hizi," ulisema, "nitavaa nyingine Mungu akipenda."

Sikuziyeyusha. Mvua ilikuwa imelowesha mkaa, moto haukupanda, mikono ilichoka kwa kuvuta mivukuto, na lori lilitakiwa liondoke kesho yake. Nilikuwa na lehemu ya risasi, ile tunayozibia madebe na karabai. Nikajiambia itafika ziwani na kurudi, halafu nitaunga vizuri. Nilimaliza upesi. Bangili nilizitia chini ya sanduku langu la vifaa, nikakuita uje ukandike udongo. Ukaja, ukakandika vizuri kabisa, na hakuna mtu ambaye angeweza kuyaona tena maungio yale. Tito aliporudi aliligonga bomba kwa kidole, akaridhika. Alikuwa akiniamini.

Lehemu iliyeyuka kwenye mlima wa pili baada ya Bisibo, mafuta yakavuja na kushika moto. Mimi nilikuwa nyuma, juu ya shehena ya ngozi za ng'ombe za Mzee Salimu, nikaruka. Tito alitoka mbele akiwaka. Mengine unayajua, kwa kuwa ni wewe uliyemlaza juu ya majani ya mgomba kwa siku tatu, ukimpepea nzi na kumtia maji mdomoni kwa kitambaa. Siku ya pili aliniita nikasogea. Aliuliza, "Uliunga kwa shaba?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi ni mimi niliyekosea kupima." Alikufa akiamini hivyo. Kipimo chake hakikuwa na kosa lolote, na mimi nilimwacha afe akijilaumu.

Tulimzika kijijini kwetu Nyamahanga. Ukoo wetu ni wa wahunzi, nawe unajua miiko yetu: mwanamke hagusi kazi ya moto. Wazee walipoanza kutafuta chanzo, hawakutafuta mbali. Mama ndiye aliyenyoosha mkono, akasema wewe uliligusa bomba, tena mara mbili, na watu wa Biharamulo walikuona. Nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka kwako. Uliniangalia mara moja tu. Nikainama, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Wakakutoa mchana ule ule, na kaniki ya msiba mwilini.

Mwezi uliopita nilikwenda Murusagamba kukutafuta. Nilijiandaa kukiri, nikajiona mtu jasiri. Kaka yako alinipa kiti, akaniambia umevuka mpaka, umeolewa ng'ambo, na hutaki kufuatwa. Nikaanza kumsimulia habari za lehemu. Hakuniacha nifike mbali.

"Tunajua," alisema. "Siku ya msiba alitafuta kisu kwenye sanduku lako. Akaziona bangili."

Nilimwuliza kwa nini basi ulinyamaza, hali neno moja lingekuokoa. Alisema na yeye alikuuliza hivyo hivyo, tena kwa hasira, na ulimjibu hivi: "Yule mama amebakiwa na mmoja."

Shemeji, miaka yote hii nilidhani nakuficha jambo. Kumbe ulitoka pale unalijua, ukatembea hadi Murusagamba unalijua, ukaitwa muuaji wa mume wako na ukaacha iwe hivyo, ili mwanamke aliyekufukuza asipoteze mtoto wa pili. Nina uchungu, na nina aibu, na sioni cha kufanya na vyote viwili isipokuwa kuvisema. Kwa hiyo wote mnaosikia barua hii: Tito hakukosea, na Veronika hakuvunja kitu. Aliyemuua kaka yangu ni mimi, kwa uvivu, na aliyemtupia lawama mjane wake ni mimi, kwa kunyamaza.

Jana nilimweleza mama. Amezeeka, macho hayaoni vizuri, alikuwa amekaa chini akimenya ndizi. Hakulia wala hakunifokea. Aliendelea kumenya mpaka zikaisha zote, akajifuta mikono, kisha akauliza, "Siku ile, tulimpa chakula cha njiani?"

Nilimwambia ukweli, kwamba hatukukupa.

Nakuaga bila kukuomba kitu, hata jibu.

Ni mimi shemeji yako,
mdogo wake Tito.