Baba, Kabla Hujafika Safa na Marwa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Niwie radhi kwa kuchelewa kukujibu. Ile sauti uliyorekodi kwenye kundi la ukoo niliisikia siku ile ile uliyoituma. Nilikuwa Ruhuwiko, huku Songea, nafua nguo za watu, mikono imejaa povu, simu nimeiegesha kwenye ndoo. Ulisema unakwenda kuhiji, na yeyote uliyemkosea, kwa kujua au kwa kutokujua, akusamehe. Ukoo mzima ukaitikia. Baba mdogo akaandika, "Tumekusamehe, Alhaji," na ndege yenyewe hujaiona hata mkia. Shangazi akavumilia kidogo, kisha akanitaja jina: "Zainabu, umebaki wewe tu. Unamchelewesha mzee."

Ni kweli, nimebaki mimi. Na kwa kuwa wewe uliomba mbele ya watu, nami nakujibu mbele ya watu. Barua hii naituma humo humo kwenye kundi. Shangazi aisome kwanza, kwa kuwa ndiye mwenye haraka.

Nianze na mazuri, maana yapo. Msimu wa korosho, tukishamaliza kuokota, ulikuwa unatufundisha Maka pale uani kwetu Tunduru. Kinu cha mama ulikiweka katikati ukasema hii ni Kaaba, nyumba aliyoiinua Nabii Ibrahimu na mwanawe Ismaili ili Mungu aabudiwe, baadaye watu wakaijaza masanamu, mpaka Mtume alipokuja kuyatoa. Ndiko tunakoelekeza nyuso tukiswali, ukasema, tajiri na maskini mstari mmoja. Tukakizunguka kinu mara saba, kuku wanatukimbia.

Halafu ukafanya malundo mawili ya korosho. Hili Safa, lile Marwa. Mimi nikawa Bi Hajara kwa sababu mtoto wa kike nilikuwa peke yangu, gunzi la mahindi nimelifunga mgongoni ndiyo Ismaili. Ulisimulia vizuri, baba, sikunyimi hilo. Bonde kavu, hakuna mti, hakuna mtu. Nabii Ibrahimu anamwacha mkewe na kichanga, na kiriba cha maji na mfuko wa tende. Mama wa watu anamfuata nyuma, anamuuliza unatuachia nani, hajibiwi. Mpaka alipomuuliza, "Ni Mungu ndiye aliyekuamuru?" Akajibiwa ndiyo, akarudi kukaa na mtoto wake. Maji yakaisha, maziwa yakakata, akaanza kukimbia kilima hiki mpaka kile akitafuta hata kivuli cha msafiri.

Mama alikuwa kando anachambua korosho. Akauliza, "Na mwanaume mwenyewe kaenda wapi muda wote huo?"

"Mama Zainabu, ile ni amri ya Mungu."

"Amri sijaikataa. Mimi nauliza kaenda wapi."

Ulicheka mpaka kofia ikadondoka. Huyo ndiye baba ninayemchukua nikitaka kukukumbuka vizuri.

Halafu yuko baba wa stendi. Nilipozaa na Filbert, kijana wa Songea aliyekuja Tunduru kuchimba madini, Mkristo, na ndoa hakuna, ulinyamaza mpaka arobaini yangu ikaisha. Nikadhani umepoa. Kumbe ulikuwa unangoja nipate nguvu za kusafiri. Filbert alishavukia Msumbiji na simu hapokei, ulilijua hilo, ukasema basi nimpelekee mama yake mzigo wa mwanawe. Mama alining'ang'ania kanga mlangoni, ukamtoa vidole kimoja kimoja kama mtu anayetoa miiba. Stendi ukanipa chupa ya maji na mfuko wa korosho za kukaanga. Nikalia. Ukasema, na kondakta anasikia, "Unalia nini? Bi Hajara aliachwa jangwani. Wewe unapanda basi lenye viti."

Kondakta akacheka. Mimi nikakuuliza swali lile ulilonifundisha mwenyewe: "Baba, ni Mungu ndiye aliyekuamuru?"

Nabii Ibrahimu alijibu ndiyo. Wewe ulisema, "Panda gari."

Nikapanda. Huku Msamala, mtaa wa kina Filbert hapa Songea, baridi ya mwezi wa sita ilitupokea na kanga moja. Maziwa yangu yakakata kweli, baba, si ya kwenye hadithi. Mtoto alilia mpaka sauti ikawa kama ya paka aliyefungiwa ndani. Kwa Bi Hajara alishuka malaika, chini pakachimbuka Zamzam, na mpaka leo dunia inakunywa. Kwangu alikuja mama yake Filbert, Mngoni mwenye rozari shingoni, na sufuria la uji wa ulezi. Wewe uliapa kwamba atanifungia mlango kwa sababu ya dini. Aliniambia, "Kunywa, mkwe wangu. Wanaume wa pande zote mbili wametuaibisha." Kila Ijumaa ananikumbusha kuswali, nikizembea ananigombeza.

Na mama yangu umemkataza asinipigie. Hunipigia kwa simu ya jirani, anaongea haraka haraka kama mwizi, akisikia kikohozi chako anakata. Mjukuu wake nimempa jina lake, Fatu. Sasa anatembea, anapiga watoto wenzake, anacheka peke yake. Bibi yake hajamshika tangu asubuhi ile.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kosa la mja kwa Mola wake Mola hulifuta akipenda, lakini la mja kwa mja mwenzake linangoja mdomo wa aliyedhulumiwa. Ndiyo maana umeomba. Umeomba kwa hofu, nakujua.

Utafika, inshallah. Utavaa vile vitambaa viwili vyeupe, utazunguka, kisha utasimama Safa. Nimesikia kuna mahali kati ya vilima wameweka taa za kijani, wanaume wakifika hapo hukimbia, wanawake hutembea tu. Nilipoambiwa nilicheka mpaka mama yake Filbert akauliza kulikoni. Utakimbia, baba, na goti lako hilo, utakwenda mara saba kwenye nyayo za mwanamke aliyeachwa na mtoto. Hakuna hija bila yeye. Nataka kila ukikanyaga unione mimi, na mgongoni si gunzi.

Kuna kipande hukutusimulia, nimekisikia huku kwa ustadhi wa madrasa. Maji yalipotoka, ulipita msafara, watu wakaona ndege wanazunguka angani, wakafuata, wakamkuta Bi Hajara. Walikuwa wengi na yeye mmoja, lakini walimwomba ruhusa ya kukaa karibu na maji yake. Akawaruhusu. Ndivyo Maka ilivyoanza, watu wakiomba kwa mwanamke usoni kwake. Wewe umeniomba katikati ya "yeyote niliyemkosea". Mimi si yeyote. Nina jina, ulinipa wewe.

Kwa hiyo sijakusamehe. Ukoo usome tena: sijakusamehe bado. Nakupenda, ndiyo maana sitaki usafiri na neno langu la uongo. Nikipokea mizigo yangu yote ninayoitaja hapa chini kabla hujaondoka, nitaandika humu humu kwamba tumemalizana, na nitakuombea usiku na mchana. Nisipoipokea, nenda tu, uzunguke Kaaba na haki yangu shingoni.

Maji ya Zamzam usiniletee, wala tende, wala kanzu ya mtoto. Ninachohitaji ni hiki. Kadi ya kliniki ya Fatu, iko juu ya kabati nyuma ya redio. Cheti changu cha kidato cha nne, kama hukukichoma ulivyoapa. Unga wa muhogo, debe moja, wa huku haunogi. Lile blanketi zito la bluu, si la kijani lililotoboka. Na mama, kwa gari la asubuhi, umpeleke stendi mwenyewe na watu wakuone, kiti cha dirishani maana safari humtapisha, mizigo yote iingie kwenye buti, mikono yake ibaki mitupu, akishuka nimpe mtoto.

Ubaki salama.

Mwanao wa kike, mama yake Fatu,
Msamala, Songea