Mshale Uliotulia

Brussels, 6 Novemba 1995

Kwako yaya Anaclet, kaka yangu mkubwa,

Kabla ya salamu nakusihi: usimsomee mtu barua hii, hata mkeo. Nikijulikana ofisini nitapoteza kazi, na kibali cha kukaa huku kitaondoka nayo.

Hamjambo lakini? Kifua cha maman kimepoa? Mimi mzima, ila baridi.

Yaya, wewe ni fundi wa ndege na unapanda nayo kila safari ya Walikale. Kile kipimo cha urefu kutoka ardhini mlichofunga kinatoka kwenye kampuni hii ninapopiga chapa barua za ofisi. Kinatuma mawimbi chini, kinasikiliza mwangwi, kinahesabu ardhi iko mbali kiasi gani. Lakini mvua kubwa juu ya msitu huleta kelele, na mwangwi wa ardhi huzama humo. Ijumaa mkutanoni nilisikia kwamba hapo chombo hushikilia urefu wa mwisho kilioupata na kuendelea kuuonyesha kwa mshale wake. Bendera nyekundu ya onyo iliyo kwenye kioo chake wameichelewesha, maana wateja walilalamika kwamba inatokea ovyo.

Mhandisi Jérôme alisema, "Patron, huo ni urefu wa kule tulikotoka."

Patron, mkubwa wetu wa kazi, akacheka: "Rubani anapenda mshale uliotulia."

Msikitegemee kwenye mvua.

Mdogo wako,
Kahambu


Goma, 27 Novemba 1995

Mdogo wangu Kahambu,

Jambo sana. Maman anakohoa, lakini jana amegombana na jirani mpaka jirani akakimbia, donc ni mzima.

Unajitesa bure. Commandant Kabamba, rubani wetu, anakisifu hicho chombo. Cha zamani kilitetemeka kama mulevi. Hiki kinatulia hata mvua ikipiga. Nilimwambia tukitilie mashaka. Akanitania: "Nani amekufundisha, fundi? Wazungu wako?" Sikukutaja, kwa ajili ya kazi yako.

Mvua ni nyingi, na Walikale wanangoja chumvi. Kula vizuri.

Yaya wako,
Anaclet


Brussels, 8 Desemba 1995

Yaya wangu,

Barua yako imenifikia kwa mkono wa Laetitia aliyerudi kutoka huko. Nimeisoma nimesimama ndani ya basi. Pole kwa kikohozi cha maman.

Kutulia huko ndiko ninakokuogopa. Mwangwi wa kweli hutetemeka, kwa kuwa miti na vilima havilingani. Mshale ukiganda juu ya msitu, chombo hakioni ardhi. Ndege itashuka, mshale hautashuka.

Nilimwuliza Jérôme namna ya kukirekebisha. Akaniuliza, "Nani wako yuko kule?" Nikalia. Patron alikuwa mlangoni. Sina kazi tena.

Basi mwambie Commandant ni mimi niliyekuambia. Taja jina langu, ofisi yetu, na maneno ya patron yote. Kama hataki kusikia, yaya, shuka kwenye ndege hiyo, hata wakuite mwoga.

Usiniandikie tena, barua zinachelewa. Piga simu kwenye mgahawa wa maman Marie-Jeanne, kwenye barabara ya chaussée d'Ixelles. Namba iko nyuma ya bahasha. Piga jioni mapema, kabla wateja hawajajaa, maana simu iko jikoni. Nashinda pale nikimenya vitunguu. Akipokea mwingine usimwachie salamu, mwambie aniite. Nataka kuisikia sauti yako mwenyewe.

Mdogo wako,
Kahambu