Mashine ya Mama Mkwe Inakula na Haifanyi Kazi

Dada Rosa mpendwa, nisaidie kabla wakwe zangu hawajanisaidia kwa njia yao. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na ushei, nina tumbo la heshima na miwani mbili, moja ya kusoma na nyingine ya kutafutia ile ya kusoma, naishi Kisumu na mke wangu Rachael, na nafanya biashara na rafiki yangu Wechuli, mtu wa Bungoma, yeye anajua kompyuta na mimi najua samaki, na kazi yetu ni kuwatumia wanunuzi wa mjini bei ya samaki, omena na ngege, kutoka Usenge kwa simu, ili mtu asifunge safari ya bure mpaka ufuoni.

Sasa kazi hiyo inataka kompyuta za nguvu, na sisi hatuna, kwa hivyo tunazikodi kwenye mtandao, ziko mbali huko nchi za watu, na unalipa kwa saa, iwe mashine inafanya kazi au imekaa tu, kama vile umekodi bodaboda ikungoje nje ya hospitali huku wewe uko kwenye foleni.

Tulipoanza hatukuwa na mtaji, na aliyetuokoa ni mama mkwe wangu, Mama Benta wa Kombewa, ambaye aliuza fahali wake bila kuombwa mara mbili, na mimi kwa furaha nikatangaza kwamba kila aliyetusaidia atapewa mashine yenye jina lake, na ya mama mkwe nikachagua kubwa kuliko zote, maana Dada, nani atampa mama mkwe kitu kidogo? Mama yake Wechuli, Mama Nakhungu, yeye alitoa kuku wawili na maombi, basi akapata ile ndogo kabisa. Mama mkwe alipoonyeshwa jina lake kwenye simu alipiga kigelegele, na kanisani kwao siku hizi wanamsalimu Mama Kompyuta.

Ile kubwa kazi yake ilikuwa kutazama picha za samaki na kusema kama ni freshi, na iliweza, siwezi kuisingizia, ila wanunuzi walikataa, walisema picha haina harufu. Tangu hapo imekaa. Kazi yote ya bei inafanywa na ile ndogo ya kuku wawili.

Msiba wangu ulianza Wechuli alipotundika ukutani ofisini skrini ya kufuatilia mashine, kila moja na mstari wa kazi yake, jina lake, na chini yake gharama, halafu siku moja Mama akaja mjini kwa daktari wa macho na akaona apitie kwetu, amevaa miwani mpya, anaona kila kitu.

"Orwa," akaniita, ndivyo wanavyoniita mimi mkwe wao, "huu mstari unaopanda milima ni wa nani?"

"Ni wa mashine ya Mama Nakhungu, Mama."

"Na huu uliolala kama kamba ya kuanikia nguo?"

Nikakohoa. Wechuli hana haya ya wakwe, akajibu, "Huo ni wako, Mama."

"Yangu imelala? Na kula, inakula?"

"Inakula kuliko zote."

"Inakula kwa nani?"

"Kwetu."

Mama akanitazama kutoka viatu mpaka kipara. "Kwa hivyo mwenye kuku anafanya kazi na mwenye fahali amelala. Sawa." Na ile sawa ya mama mkwe, Dada Rosa, naamini unaijua.

Sikupata usingizi mzuri, na kulipokucha nikamwambia Wechuli aipe mashine ile kazi, akauliza kazi gani, nikasema yoyote, basi tukaiamuru ihesabu kuanzia moja kwenda mbele bila kusimama, na mstari ukapanda vizuri sana, nikaupiga picha nikamtumia Mama, akanirudishia mikono mingi ya kupiga makofi. Kumbe mashine hizo zimepangwa hivi, ikiona imelemewa inaita mwenzake wa saizi ileile aje asaidie, na yule akilemewa anaita mwingine. Sasa tuna Mama Benta watatu, wote wanahesabu, na hakuna ajuaye wanahesabu nini. Bili ya mwezi huu imezidi kodi ya ofisi na ya nyumba yangu pamoja.

Wechuli ameniambia wazi, "Baba Winny, mwisho wa mwezi ni hizo mashine au ni mimi." Mama naye hupiga simu kila Jumapili baada ya ibada. "Orwa, nimepanda?" Nasema umepanda, Mama. "Nimempita Nakhungu?" Umempita sana, Mama. Nikizima, nimemzima mama mkwe kwa kidole changu mwenyewe, na nisipozima biashara inakufa na fahali wake anakuwa amekwenda bure, na Rachael bado hajui kitu. Nifanye nini?

Mkwe Aliyebanwa, Kisumu.

*

Mkwe Aliyebanwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikicheka, mara ya pili nikimtafuta mtu mzima ndani yake.

Pole. Woga wa mama mkwe naufahamu, na asiyekuwa nao hajaoa. Lakini mkwe wa kwetu hata jina la mama mkwe halitamki ovyo, na wewe ukaenda kulibandika kwenye kitu cha kukodi! Ungempelekea blanketi kama wenzako.

Sasa nisikilize. Unadhani Mama alipotazama skrini aliona aibu. Soma tena maneno yake uliyoniandikia. Aliuliza kama inakula. Akauliza inakula kwa nani. Hayo ni maswali ya mtu aliyefuga ng'ombe, na majibu yake alistahili kuyapata kwako, si kwa Wechuli. Wewe ulikohoa. Akabakiwa na nini cha kushika, ila kushindana na kuku wawili? Kisha ukamlisha picha za uongo, akapiga makofi, na kila Jumapili unaongeza. Mashine zinazohesabu zinakugharimu pesa. Hizo simu za Jumapili zinakugharimu zaidi, kwa sababu mwanamke aliyeuza fahali kwa ajili yako hakufanya hivyo ili adanganywe.

Leo hii, kabla hujakunja gazeti, simamisha huko kuhesabu na uwazime wale wasaidizi wawili. Hao hawana fahali wala ukoo, walifuata harufu ya chakula kama wageni wa matanga. Mwambie Wechuli aweke kikomo, gharama ikikifikia simu zenu zote mbili zipige kelele, na asiruhusu mashine yoyote kuita mwenzake bila nyinyi kukubali. Na umwombe radhi, maana amekuvumilia.

Leo jioni mwambie Rachael. Yote, pamoja na kuhesabu. Atacheka au atanuna, vyovyote vile atajua namna ya kuongea na mama yake kuliko wewe.

Jumamosi nendeni Kombewa na sukari na majani ya chai. Rachael atangulie kusema. Zamu yako ikifika usitaje asilimia wala usimwonyeshe mistari. Mwambie, "Mama, mashine hii kila mwezi inakula mguu wa fahali wako, na kazi haina. Nilikudanganya kwa sababu nilikuogopa." Halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kutakushinda, najua, kwa hivyo shika kikombe kwa mikono miwili.

Na usithubutu, nakuona kutoka hapa, usithubutu kuhamisha jina lake kimyakimya kwenye ile mashine ndogo. Mama Nakhungu naye ana macho, na mwanawe ndiye mwenye skrini.

Mama akisema izimwe, mpe simu aizime mwenyewe, na pesa itakayobaki mwezi ujao nenda umwonyeshe. Akisema isizimwe kwa ajili ya watu wa kanisani, usibishane naye. Mwitikie kwa upole, "Sawa, Mama," kisha umweleze kwamba kuanzia mwezi ujao bili itakuwa inamfikia Kombewa. Hutamaliza chai yako kabla haijazimwa.

Dada Rosa