Pale Kanda Inapokwaruzika

Dada Holo,

Mwangaluka, dada. Nakuandikia kwa sababu nikija kusema kaburini mama ananifuata nyuma, na haya sitaki ayasikie bado. Kuna jambo nililokuwa nataka kulifanya Bariadi Jumamosi hii, na wewe ndiye wa kwanza kustahili kuambiwa.

Unakumbuka ulivyonishika mkono ule mchana, umekonda, sauti imebaki kidogo. "Kabula, ukiona wanangu wanateseka, wachukue." Basi. Baada ya hapo ulikuwa unaomba maji tu. Nimeishi na neno hilo kama mtu aliyeachiwa ng'ombe wa mwenzake. Kila siku ya gulio napanda gari kutoka Nkoma, nafika kwako, nawavua Mbuke na Sayi mashati niangalie migongo. Nanusa masufuria. Naangalia kucha.

Shemeji Luhende ameoa. Ulijua ataoa, hata mimi nilijua, ila nilidhani atasubiri kidogo. Mke anaitwa Pendo, binti wa Malampaka, amekulia jirani na stesheni. Na mambo yamebadilika, dada. Siku hizi pamba inanunuliwa na kila mwenye mizani, ushirika hauko peke yake tena, na Luhende anawanunulia matajiri wa Mwanza. Huko ndiko alikotoa televisheni, deki na jenereta. Wewe uliyekuwa unatuzimia kibatari ili mafuta yasiishe, ungeshika mdomo.

Watoto hawateseki. Hapo ndipo nilipoanza kushtuka. Sayi amenenepa. Mbuke anasukwa vizuri, mistari imenyooka. Nikajiuliza, mama wa kambo anayempendeza kila mtu anaficha nini? Tena wanamwita mama mdogo. Mama mdogo ni mimi! Mimi niliyenyonya ziwa moja na wewe. Siku hizi naitwa mama mdogo wa Nkoma, kana kwamba mimi ndiye wa nyongeza.

Niliona anawanasa kwa picha. Yule anazijua kanda zote za duka la kukodisha pale karibu na stendi, na majirani wanamjia kuuliza wachukue ipi. Nimemsikia mwenyewe, anapepeta mchele huku anagawa ushauri. Mwenye watoto wadogo achukue katuni ya kuku wanaojenga nyumba, ni fupi, hawatasinzia. Mwenye wageni wakwe achukue ya Kihindi yenye harusi, lakini asiwaambie inavyoisha, maana wakwe hupenda kulia wenyewe. Picha za ngumi watoto waonyeshwe wakishakula, la sivyo ugali wote utakuwa chini. Watu wanacheka, wanaondoka wameridhika. Hiyo ya wakwe nilicheka na mimi, ila moyoni.

Kisha jirani yenu Mama Tatu akaninong'oneza. Watoto wakienda shule, Pendo anawasha jenereta, anafunga mlango, anashusha pazia. Mchana kweupe, petroli inaungua! Akitoka, macho mekundu. Nikasema eeh, mama, leo umepatikana.

Alasiri moja nikaketi nao. Walikuwa wanatazama katuni ya ndama mwenye madoa anayesafiri na mama yake kutafuta malisho. Nzuri, sikatai. Pendo amekaa jirani na deki, kidole kwenye kitufe. Mto ulipoanza kujaa akasema, "Hapa kanda imekwaruzika," akapeleka mbele haraka haraka. Tukaona ndama yuko nchi kavu, anachezeshwa na nyani. Sayi akapiga makofi. Safari iliyofuata ikawa katuni ya bata, nayo ina mikwaruzo. Ya sungura, hivyo hivyo. Kanda zote zimeharibika, na zote yeye anajua wapi! Nikaamini kuna uchafu anaoutazama peke yake mchana kisha anauruka mbele ya watoto. Nikamwambia mama aondoe mahindi kwenye kile chumba cha uani, nakuja na watoto wa Holo.

Nilitaka ushahidi wa kumtupia Luhende usoni. Jumamosi nikapitia kwanza dukani, nikamwomba mwenye duka aniwekee katuni ya ndama palepale. Alinishangaa, mtu mzima na kitenge changu, lakini akaiweka.

Dada. Mto ulijaa. Yule mama alimsukuma ndama kwa pua mpaka ukingoni, akamfikisha, yeye mwenyewe akashindwa kupanda. Maji yakamchukua. Ndama akabaki anaita. Anaita tu. Hakuna mkwaruzo hata mmoja, picha safi kabisa, na mimi nimeuma kitenge mbele ya watu wanaochagua kanda.

Nikasema aweke ya bata. Mama bata anabebwa na mwewe. Ya sungura sikuitaka tena. Mwenye duka akaniambia hajui watengeneza katuni wana ugomvi gani na mama za watu. Akasema Pendo ndiye mteja wake pekee anayeuliza kwanza kama mama amo mpaka mwisho. Zikikosekana za hivyo, anachukua zilizopo, anakwenda kuzitazama mwenyewe kwanza ajue pa kuruka.

Bado sikumwamini, unanijua. Nilifika kwako nikala wali wa Pendo. Wakati wa kuondoka Mbuke akanibebea kikapu mpaka stendi. Nikamwuliza, kama vile sina haja sana, ile ya ndama amewahi kuiona yote? Akatazama nyuma kwanza. Akasema aliiona kwa kina Tatu, kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

"Usimwambie mama mdogo," akasema. "Anajitahidi sana. Na pale huwa analia."

Mtoto mdogo vile, dada. Wanalindana wao kwa wao, na mimi nilikuja na kamba ya kufungia mizigo yao.

Nilipanda gari peke yangu. Mama alipouliza watoto wako wapi, nilimwambia shule haijafungwa. Mahindi tumeyarudisha chumbani. Nililia sana siku hiyo. Nilitaka kitu chako kimoja kibaki kwangu, niamke asubuhi nikisikie kinakohoa chumba cha pili. Mbuke anatembea kama wewe, anaburuta kisigino cha kushoto. Inaniuma kumwacha stendi.

Lakini uliniambia niwachukue wakiteseka. Hawateseki. Basi siwachukui.

Usidhani nimelegea. Kila gulio nitakwenda, migongo nitaiangalia, masufuria nitayanusa. Pendo bado mgeni kwangu, na mgeni huangaliwa. Jina nimemwachia, alitumie.

Lala, dada yangu. Nakuahidi hili: safari ijayo nitaketi mkekani katikati ya wanao, tutazame chochote atakachotuchagulia. Na mto ukianza kujaa, Pendo akisema kanda imekwaruzika, nitakuwa wa kwanza kumwambia ndiyo, imeharibika kabisa hapo, peleka mbele.

Mdogo wako,
Kabula